Kiganja cha Shangazi Juu ya Majibu Manne

Harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji hunirudisha uani kwetu Ibra, Omani, mwaka nilipojiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari. Kila alasiri Shangazi Salma alirashia maji uani, akatandika jamvi, akaweka kahawa na tende, kisha akaniita nilete karatasi za Kiingereza. Alikuwa mjane asiye na mtoto, aliyesomea Unguja. Baba, ndugu yake, alikwishafariki. Mama alikuwa Mwarabu wa Ibra. Nyumba nzima ni mimi tu niliyemjibu kwa Kiswahili.

Maswali yalikuwa ya kuchagua: sentensi yenye pengo, chini yake majibu manne. Shangazi aliyafunika yote kwa kiganja chake chenye hina. "Maliza mwenyewe kwanza," alisema. "Ukiyatazama mapema yatakupumbaza." Nikishamaliza aliondoa mkono, nami nikayasoma kwa sauti, moja moja, mpaka sikio likatae matatu. Nikisitasita alinicheka: "Mchagua jembe si mkulima, bibi wee." Kumwambia mtu waziwazi kwamba amekosea aliona ni utovu wa adabu. Alinijazia kikombe tu. Kwetu anayetosheka na kahawa hutikisa kikombe, lakini mimi sikuruhusiwa kutikisa changu mpaka nipate jibu. Mwaka ule nilikunywa kahawa kama mzee wa barzani.

Kufaulu kulikuwa na maana moja: chuo, Maskati, kuondoka. Sote wawili tulijua, na hakuna aliyelitaja. Kadiri mtihani ulivyokaribia ndivyo nilivyotamani masomo yale yasiishe. Yeye ndiye aliyekaza. "Rudia, mwanangu," alisema, hata pale sauti yake ilipokuwa imechoka.

Matokeo yalipotoka mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Shangazi alinibusu kipaji cha uso. "Umefaulu, alhamdulillahi," akasema taratibu. "Sasa nitazungumza na nani?" Nilimkumbatia.

Alifariki ningali chuoni. Leo nafundisha Kiingereza Nizwa. Wanafunzi wangu hubonyeza majibu kwenye kompyuta, kimya, upesi, na wengi hufaulu kuliko nilivyofaulu mimi. Nyumbani wanangu hunisikiliza nikizungumza lugha ya Shangazi, wakatabasamu, wakajibu kwa Kiarabu. Ni watoto wema, siwalaumu. Lakini nina hamu na Shangazi, hasa nikiwa jikoni, ninapojikuta nasema Kiswahili na hakuna wa kuniitikia.