Ufunguo Mkuu wa Verna

Verna Hryciuk ni mpishi wa klabu yetu ya kusukuma mawe barafuni, hapa Harlow Bend, Saskatchewan, na ndiye pia mtunza tovuti ya mji. Usicheke. Alijifunza mwenyewe, unga ungali vidoleni. Kila aliyekufa kwetu alimwandikia ukurasa humo: alilima nini, alipenda nini, kaacha nani.

Seva, mashine inayobeba tovuti, ilikuwa na akaunti moja tu, ya msimamizi, yenye jina lake. Akaunti ya namna hiyo haina breki: inaandika, inabadili, inafuta. Fundi aliyemwekea alimwonya, "Mama, hii usimpe mtu. Msaidizi mfungulie yake ndogo, ya kuandika tu."

Verna alimcheka. Sisi huku milango hatufungi, na wakati wa baridi funguo hubaki garini, asije mtu akaganda njiani kwa kukosa usafiri. Kumpa mtu nusu ya ufunguo ni kumwita mwizi.

Basi alipokwenda kubadilishwa goti, neno la siri alimpa Marlys, shoga yake tangu shule. Marlys peke yake.

Alirudi kwa mikongojo, akakuta kurasa za marehemu wote zimefutika. Na seva, ukiiuliza nani kafuta, inajibu: Verna.

Kamati ya klabu ikamkalia kikao jikoni. Orrin, mwenyekiti, alikuwa mwekundu hadi masikio. "Tulikukatalia jiko jipya, ukaona utufutie wazee wetu! Mama yangu alikuwa humo!"

"Orrin, nilikuwa hospitali, mguu umefungwa kama mtoto mchanga."

"Simu hukuwa nayo?"

Verna akamgeukia Marlys. "Waambie, shoga. Neno la siri nilimpa nani?"

Marlys akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Mimi mambo ya mashine nayajulia wapi? Hukunipa kitu."

Nilikuwa nakunja perogi, vile vipande vya unga vya kujazwa viazi, pale pale. Uso wa Verna ulinywea nikiuona. Wakamwambia arudishe kurasa hizo, la sivyo mji mzima utaambiwa jikoni na kwenye tovuti hatakiwi tena.

Alikuwa na nakala nyumbani. Akabadili neno la siri, asimwambie mtu, akaanza kuzirudisha.

Ikafika karamu ya mavuno, ile ya kuku, ukumbi umejaa. Marlys akaingia na bakuli la achari, hata hajalitua: "Verna, dude lako limeharibika! Tangu jana linanikataa! Ukurasa wa Stan umeurudisha, na yule mwizi wa waume ndani yake, eti 'mjane wake mpenzi', na kumtoa siwezi!"

Stan alikuwa mume wa Marlys, kabla hajahamia kwa huyo mwingine, akafia huko.

Orrin akaweka uma, akauliza taratibu, "Linakukataa vipi, Marlys, nawe hukupewa kitu?"

Marlys akaliweka bakuli. "Nilitaka kumfuta Stan tu. Likafuta wote."

"Hilo ningekusamehe kabla hujamaliza kulisema," Verna akamjibu. "Lakini ulikaa ukakoroga kahawa."

Orrin aliomba radhi, na jiko likanunuliwa. Siku hizi kila msaidizi ana akaunti yenye jina lake, ya kuandika tu. Ile kuu Verna huiingia akiwa na kazi nayo, akimaliza anatoka. Marlys naye kapewa ndogo. Hajaigusa.

Theluji ya kwanza ilipoanguka nilimwona Verna akishuka garini mbele ya klabu. Alichomoa funguo, akazitia mfukoni.