Baba mkwe na kulungu wa Marekani

Kwenye treni ya kutoka Ilford, huku ughaibuni, mzee mmoja Mkenya mwenzangu alikuwa akiongea na mkwewe aliye Marekani. Simu ilikuwa kwenye spika, behewa zima tukisikia.

"Baba, msimu wa kulungu ukifunguliwa tu, naingia porini na bunduki. Ardhi ni ya umma, na kibali ninacho."

Mzee alishika kifua. "Kuua mnyama kwenye ardhi ya umma? Mimi nimekuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini! Watu kama wewe nilikuwa nawatia pingu!"

Mimi pia nilishtuka. Kwetu ukiwinda unafungwa, huko unapewa karatasi yenye muhuri!

Kisha mzee akaisogeza simu mdomoni, akapunguza sauti.

"Sikiliza. Mwanzo wa msimu kuna joto, mchana watalala kivulini. Wangoje alfajiri, upepo ukikupiga usoni. Na usijipake manukato."

"Umeyajulia wapi haya, Baba?"

"Kati ya wote waliofanya hivyo, sikuwahi kumkamata hata mmoja."

Kumbe ile miaka ishirini yote, serikali yetu ilikuwa imemweka masomoni.