Sauti ya Betri Nne

Baba yangu alikuwa dalali wa mnada, na mtaa mzima ulimwita Redio. Aliuza makabati, vitanda na majiko yaliyokwisha kutumika, na sauti yake ilifika kabla yeye mwenyewe hajatokeza. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Akiomba chumvi mezani, ungedhani anaipigia mnada. Mama alikuwa fundi wa mizani na mashine za risiti, mtu wa maneno machache, na kila mara alimwambia, "Mzee, punguza sauti, hapa hakuna mteja." Leo natamani sana zile kelele.

Kisha uvimbe ukamwota kooni. Madaktari walimwokoa, lakini sauti ikabaki hukohuko hospitali. Alirudi akakaa kwenye kiti chake cha barazani, akageukia ukuta. Tulimletea daftari na kalamu, akavisukuma pembeni. Nilikasirika, nikaona ni ukaidi tu. Mama ndiye aliyemwelewa.

"Karatasi mpaka mtu aje aisome," aliniambia. "Baba yako amezoea kuwaita watu walio mbali."

Akaingia kwenye karakana yake, kibanda cha mabati upande wa pili wa ua, akaanza kuchokonoa mashine mbovu. Huku alichomoa kibodi, kule akachomoa kioo cha maandishi, akavuta waya kutoka barazani hadi kwenye meza yake ya kazi. Baba akibonyeza herufi, zinatokea kwa Mama, na mashine inalia pii. Masikio ya Baba yalikuwa mazima, kwa hiyo yeye angejibiwa kwa mdomo kupitia dirisha la karakana.

Umeme wa kwetu ulikuwa na tabia ya kukatika, hivyo kisanduku cha Baba, kile chenye kibodi, kikawekewa betri nne. Mama alichagua chipu ya mawasiliano, kidude cha kusukuma herufi kwenye waya, kwa makini kuliko alivyochagua mume, ndivyo alivyopenda kututania. Chipu yenyewe ilikuwa inajua kujilaza. Isipopita herufi kwa muda mfupi, inazima karibu kila kitu, inabaki inaonja umeme kidogo tu. Ukibonyeza, inaamka.

"Akinyamaza, betri zinapumzika," Mama alisema, kajaa fahari. "Hizi zitakaa miezi."

Kilichomtoa jasho ni kapasita, vile vidude vidogo vinavyokaa kando ya chipu na kuisaidia kuupandisha umeme wa betri upate nguvu ya kuvuka ua. Kwanza aliweka za bei rahisi. Asubuhi zilifanya kazi, lakini mchana jua likipiga barazani zililegea, na maneno ya Baba yakafika yamevurugika. Baba alidhani Mama anajifanya hasomi, akaitwanga kibodi kwa ngumi. Mama akazing'oa, akaweka kubwa zaidi. Hizo nazo zilichelewa kujaa kila chipu ilipoamka, basi kila sentensi ikawa inafika haina kichwa. Mwisho akaagiza za kiasi kile kile chipu ilichotaka, za aina inayovumilia joto, akazichomelea huku ameng'ata ulimi.

Mashine ikalia pii. Kwenye kioo kukatokea: MKE MMOJA, FUNDI, HAUZWI. NANI ANABISHA?

Mama alicheka mpaka akaketi chini.

Basi tukampata Redio wetu tena. Pii, chai imepoa. Pii, jirani kavaa shati jipya. Pii, yule paka mwizi karudi. Mama akawa hawezi kukaza hata skrubu moja kwa amani. Na betri? Miezi gani! Chipu haikupata usingizi hata kidogo, na Mama alikuwa anabadilisha betri kama anayebadilisha soksi.

"Nimekuchagulia chipu inayolala mtu akinyamaza," alifoka siku moja dirishani, "sasa wewe hunyamazi!"

Pii. RUDISHA CHIPU DUKANI.

Miaka ikaenda hivyo, na ilikuwa miaka mizuri. Kisha siku moja Mama alifungua kile kisanduku ili afute vumbi, akazipima betri kwa mita yake ya umeme. Nilikuwa nimesimama karibu naye.

"Ona, bado zimejaa," alisema, akatabasamu kama fundi ambaye kazi yake imekubali.

Lile tabasamu halikukaa. Alijaribu kukumbuka ni lini alizibadilisha mara ya mwisho, akashindwa. Akamtazama Baba, aliyekuwa amesinzia kitini, mikono imelala mapajani. Ilikuwa imekonda mno. Tulikuwa tunamwona kila siku, na hatukuwa tumeona.

"Mzee," Mama alimwita. "Mbona huniongeleshi siku hizi?"

Baba alifumbua macho. Akabonyeza, polepole, na pii ikalia kwenye karakana isiyo na mtu. Nilikimbia nikasoma, nikawapigia kelele kutoka dirishani:

"Anasema, si ulitaka betri zipumzike?"

"Zimepumzika vya kutosha!" Mama alisema. "Zimalize. Niuzie hiki kiti. Niuzie kabati. Uza nyumba nzima, mume wangu, zimalize!"

Na Baba akauza. Kwa kidole kimoja, akipumzika kila baada ya maneno machache, alinadi kiti, kabati, hata paka wa watu. Nilisoma kwa sauti, nikajaribu kuiga mbwembwe zake, huku machozi yananitoka bila haya. Mama alikuwa mteja peke yake, na kila bei aliipandisha mwenyewe.

Baba alifariki kabla ya mwezi kwisha. Tulipotoka kuzika, Mama alikifungua kisanduku, akazitoa betri, akazigusisha mita moja moja. Nikamuuliza kama nizitie kwenye tochi, maana bado zilikuwa na nguvu.

Alizifumba mkononi.

"Nilitaka ziishe," alisema.