Ngata Tisa Kwenye Rweya

Mimi si mtu wa kurudishwa getini. Nauza vitenge mjini Kayanga, Karagwe, nimezoea kubishana na watu wa kila aina na mara nyingi nashinda. Lakini mwaka huu, Dar es Salaam, nilirudishwa kwenye geti la uwanja wa gofu nikiwa nimevaa kitenge changu kipya, kisa niliuliza bei.

Yote yalianzia kwa Tata, baba yangu mzazi. Ujana wake aliumalizia Dar, akibeba mabegi ya fimbo za wacheza gofu, hadi alipopata cha kurudia kijijini kwetu Rugu na kuanzia kibanja chake cha migomba na kahawa. Alirudi na fimbo moja ya chuma aliyoachiwa na mchezaji mmoja, na mipira mitatu ndani ya soksi. Fimbo hiyo tumekua tukiiona nyuma ya mlango, ya kuangulia maparachichi na kufukuzia mbwa. Mchezo mzima hakuwahi kuucheza hata siku moja. "Mchezaji hageuki nyuma," alikuwa akitusimulia. "Ananyoosha mkono tu, hivi, na mimi naweka fimbo."

Mwaka huu daktari akamwambia ana presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha, la kushoto linafunga polepole, na dawa ni ya kuchelewesha tu. Tulirudi nyumbani. Tulipofika akasema kwamba angependa kucheza mashimo tisa ya gofu kabla macho hayajafunga duka. "Na begi abebe mtu mwingine," akaongeza, akacheka. Mimi sikucheka. Namjua baba yangu, hana utani wa hivyo.

Kwa hiyo nilipokwenda Dar kuchukua mzigo nikaanza kuulizia mahali ambapo mzee wa kawaida anaweza kucheza bila kuuza ng'ombe. Sehemu ya kwanza bei ilikuwa nzuri, ila unasimama kwenye zulia na kupiga mipira kwenye chandarua. Tata asafiri njia yote hiyo kuja kutazama chandarua? Chandarua anacho kitandani. Sehemu ya pili ndiyo ile ya getini: kwanza uwe mwanachama, au uje na mwanachama, bei baadaye. Ya tatu walinikaribisha vizuri, wakanitajia kiingilio, kukodi fimbo, viatu na mbebaji. Nikawaomba warudie, nikidhani nimesikia vibaya. Nilitoka nje nikakaa ukingoni mwa barabara, machozi yakanitoka kwa hasira.

Pembeni yangu alikuwepo mbebaji mmoja, mtu mzima, akisubiri kazi. Nikamwamkia shikamoo, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Karagwe.

"Huko hakuna majani?"

"Yapo mpaka yanatushinda," nikamjibu, nimeudhika.

"Sasa mama, hapa unalilia nini?"

Nilimchukia kwa muda mfupi tu. Kabla basi halijatoka mjini nilikuwa tayari nimeiona kichwani rweya, ule uwanda wa majani ulio juu ya kibanja cha Tata. Ni mali ya kijiji kizima. Watu wanachunga pale na kukata majani ya kutandaza kwenye migomba.

Sasa nikafanya kosa, na kosa lenyewe ni haraka zangu za dukani. Jumamosi asubuhi nilipita kijijini bila kusalimia mtu, nikapanda rweyani na kamba na vigingi tisa, nikaanza kupima na kugongelea. Nimezaliwa Rugu, nilipaswa kujua. Vigingi kwenye rweya kwetu vina maana moja: kuna mtu anachukua ardhi. Kabla ya saa sita vilikuwa vimeng'olewa vyote, na mimi nimeitwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilipotamka neno gofu ndiyo nikaharibu kabisa. Mmoja wa waliokusanyika pale akasema anajua, wawekezaji huanza hivyohivyo. Niliona nimemfungia Tata mlango kwa mikono yangu mwenyewe, na nikaogopa kweli.

Tata akafika na fimbo yake. Akasalimia kila mtu kwa Kinyambo bila haraka, akapewa kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ya kukaribishia mtu, akachukua punje, akatafuna. Watu wakasubiri. Kisha akasema, "Macho yangu yanaondoka. Nataka kupiga mpira mpaka kwenye mashimo tisa, nirudi nyumbani kwangu. Ardhi nitaifanyia nini?"

Mwenyekiti akapoa, lakini akatikisa kichwa. "Mzee, mashimo hapana. Ng'ombe atavunjika mguu."

Mke wa mwenyekiti ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ametoka kutua mzigo wa majani, ngata ya kubebea, duara la majani ya mgomba, bado iko kichwani. Akaivua, akaitupa chini katikati yetu. "Mpira ukikaa humo ndani si umeingia?"

Watu wakacheka, na mimi nikapumua. Mwenyekiti akatupatia upande wa rweya ulioungua wiki iliyotangulia, ambao ng'ombe hawaendi mpaka majani yachipue. Nilidhani ametupatia makapi.

Kesho yake baada ya ibada tukasokota ngata tisa na kuzipanga rweyani. Nilibeba gunia lenye soksi ya mipira na fimbo ile moja, Tata akatangulia mikono mitupu. Alipopiga mpira wa kwanza nilikuwa nimejiandaa kumwelekeza. "Usiniambie," akasema. Akageuza kichwa taratibu, akitafuta kwa jicho lile moja. Chini kulikuwa kweusi kote kwa kuungua, na kale kampira keupe kalikuwa peke yake. Akaenda moja kwa moja mpaka kalipo. Sijui kama nimewahi kupata nafuu kubwa kuliko hiyo.

Alicheza vibaya sana, kusema kweli. Kila akimaliza kupiga ananirudishia fimbo, na kila akifika kwenye mpira ananyoosha mkono nyuma, hageuki, nami naweka fimbo. Alifanya hivyo ngata nane, na alikuwa akifurahi, niliona hivyo mabegani mwake.

Kwenye ya tisa akanyoosha mkono, nikaweka fimbo, lakini hakupiga. Aligeuka mwili mzima, maana jicho lenyewe halioni tena pembeni, akanitazama usoni kwa muda mrefu.

"Asante, mwanangu," akasema.

Kisha akauingiza mpira kwenye ngata, akalichukua gunia begani mwangu, tukateremka nyumbani yeye akiwa amelibeba.