Nilikatazwa kukata tawi kwa sababu mimi ni mwanamke, likaangukia gari la mwanangu

Wakuu wa humu, wanangu na wajukuu zangu, marahaba kwa wote mtakaoniamkia. Wazee wenzangu, tupo.

Mimi ni bibi wa Machame, huku juu kwenye migomba. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya ikalisheni vizuri wenyewe. Ninayoyasema yametokea uani kwangu nikiwa naona, na hasira ninayo hata sasa ninapobonyeza hii simu.

Mwanangu wa mwisho, Elibariki, ana Noah. Anabeba abiria kutoka huku mpaka Moshi mjini. Ndiyo inayotulisha: mimi, yeye, mke wake Upendo, na kale kamjukuu kangu ambako bado kananyonya.

Wanaojua huku kwetu wanajua, sehemu ya tambarare ya kulaza gari haipatikani hivi hivi. Kwangu ipo moja tu, pale uani, chini ya mringaringa alioupanda baba mkwe wangu. Kwingine kote ni mteremko, migomba na kahawa. Ukiliacha barabarani, asubuhi unalikuta halina betri.

Sasa huo mringaringa ulikuwa na tawi. Nene kuliko kiuno changu, na mimi si mwembamba. Limeinama juu ya gari, na pale lilipoungana na shina pana ufa unaotoa maji meusi, sisimizi wanaingia na kutoka kama wanaenda gulioni. Nimekaa na miti tangu nazaliwa. Tawi linalokuja chini nalijua.

Mume wangu angekuwepo angelikata. Lakini ametangulia, na mti ukawa wa kaka yake mkubwa. Mti tu. Ng'ombe akiugua ni wangu, paa likivuja ni langu, mti ndiyo wake.

Nilimfuata kwa heshima nikamwambia, shemeji, lile tawi litaua mtu. Akanijibu huku anachokonoa meno:

"Mama Elibariki, mwanamke aliyeolewa hapa haweki panga kwenye mti wa baba yetu. Hata kwa kutuma mtu."

Baba yake huyo nimemkorogea uji mimi mpaka siku ya mwisho, yeye akiwa Himo na biashara zake. Kumlisha baba nilistahili. Tawi la baba, hapo ndipo mila ikaamka.

Elibariki naye akaenda kumwomba. Akaambiwa asubiri kikao cha ukoo. Kikao kikakaa, nyama ikaliwa, mbege ikanywewa, tawi likasahaulika.

Ndipo ikaja masika hii.

Siku hiyo umeme ulikatika mchana. Upendo akamchukua mtoto akaenda kukaa kwenye gari, achaji simu huku ananyonyesha. Msimseme, sisi wote tunachajia humo umeme ukikatika. Mvua ikaanza taratibu, halafu upepo ukashuka kutoka mlimani, ule wa kulaza migomba.

Mimi niko jikoni na mtori wangu wa ndizi. Nikachungulia nje, nikaona lile tawi linapanda na kushuka. Nikaita.

"Upendo, toka humo."

"Mama, ndiyo kwanza anasinzia."

"Mlete asinzie huku."

"Ataloa mama, ngoja ipungue kidogo."

"Upendo, nikija mimi hapo nakutoa na huu mwiko."

Akaja amenuna, mtoto kamfunika kanga. Alikuwa hata hajakaa kwenye kigoda, tukasikia mti unapasuka. Sitaki kuuelezea ule mlio.

Wakuu, paa la Noah lilishuka mpaka kwenye viti. Kile alichokuwa amekalia kilikunjika kama daftari. Honi ikawa inalia yenyewe mpaka Elibariki alipotoka zizini akaja kung'oa waya wa betri. Upendo hakulia. Alikaa chini kwenye majivu, akamvua mtoto nguo zote, akawa anamkagua kidole kwa kidole. Mtori ukaungua, nikauacha uungue.

Mvua ilipokata shemeji akaja. Nikajua analeta pole. Akalizunguka gari, akaligonga tawi kwa ngumi, akasema:

"Halijaoza ndani hili. Linatoa mizinga ya nyuki miwili."

Sijui nyie mliosoma mngefanya nini. Mimi nilimwambia aondoke kabla sijasahau kwamba ni shemeji.

Jumapili baada ya ibada akarudi. Suti kavaa, wazee wawili wa ukoo pembeni, na isale mkononi.

Kwa wasio Wachagga: isale ni yale majani marefu tunayoyapanda mipakani. Mtu aliyekukosea akikuletea isale kuomba msamaha, hulikatai. Ukilikataa, mbaya unakuwa wewe.

"Mama Elibariki, nimekosa," akasema. "Naomba yaishe. Mtoto ni mzima, sisi wazima. Na mti wa baba tuuache upumzike, umeshatoa tawi lake."

Mnamwona? Msamaha na mti kavifunga kwenye jani moja. Na ule mti ulikuwa na tawi la pili, limeelekea chumba anacholala mjukuu wangu. Nikipokea, mti unabaki. Nikikataa, ukoo mzima unanigeukia.

Nikalipokea kwa mikono miwili.

"Shemeji, nimekusamehe, Mungu ananiona. Lakini isale hili ni lako wewe. Mti haujaniletea isale."

Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa.

"Unaichezea mila, mama," shemeji akasema.

"Siichezei. Nikuletee kiti ukae hapo hapo uliposimama, chini ya hilo la pili, mpaka masika iishe. Ukitoka mzima, mti ubaki."

Akatazama juu. Halafu, wakuu, akasogea pembeni. Hakuna aliyemgusa, alisogea mwenyewe.

Yule mzee akajifuta machozi ya kicheko. "Umeshajibu," akamwambia. "Ukatwe."

Kibali cha kukata mti tukapata, mwenyekiti wa kitongoji alishaliona gari kwa macho yake. Mwenye msumeno wa mashine akaja, mti ukalala. Shemeji akaomba zile mbao, nikampa. Kusamehe nimesamehe. Hasira ni kitu kingine, hiyo naendelea nayo. Elibariki sasa anaendesha gari la mtu, lake liko kwa fundi halijulikani litatoka lini.

Nilichojifunza: ukiona ufa, usisubiri kikao. Hamisha gari leo, hata kama ni kwa jirani msiyeongea naye, na tawi likatwe na yeyote mwenye mikono. Baba mkwe alipanda mti apate kivuli. Hakuupanda uue wajukuu wake.

Wenye mashemeji kama wangu semeni nisijione peke yangu. Na anayetaka kuniambia nimevunja mila aandike, namsubiri. Ila kwanza aseme gari lake analilaza wapi.