Zahanati Tuliyoijenga Wenyewe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulipokuwa tunaezeka paa la zahanati yetu huku juu Kibosho, na naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ilikuwa siku ya furaha. Wanawake walikuwa wanapika ndizi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa ya kutosha, na mimi nilikuwa juu ya paa napigilia misumari huku naimba. Mke wangu Agnesi aliniambia ninyamaze, nisije nikawafukuza wagonjwa kabla hawajafika. Watu walicheka, nami nikazidi kuimba.

Agnesi alikuwa na sababu yake ya kuitaka nyumba ile. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza njiani, tukiwa tunateremka kwenda hospitali mjini, Agnesi mwenyewe amebebwa kwenye machela na barabara yote ni matope. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, mtu wa dawa awe karibu. Alibeba mawe kutoka mtoni kichwani mwake. Nilimkataza, hakunisikiliza, na nikaacha kumkataza.

Aliyetushawishi kujenga ni Mzee Mallya, msimamizi wa mfongo wetu. Ninyi wa mabomba huenda hamjui: mfongo ni mfereji unaoleta maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba vyetu, haya mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Aliyekwenda kuuchimba na kuuzibua ana zamu yake ya maji, na hakuna wa kumnyima, hata mtawala wetu, Mangi mwenyewe. Mzee Mallya alisema serikali nayo itakuwa hivyo hivyo. Tukijenga kwa mikono yetu, dresa ataletwa, maana ndivyo tulivyomwita mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa. Sote tulimwamini. Tangu utoto hatukuwahi kuona mtu aliyechimba akanyimwa maji, sasa tungewaza nini kingine?

Siku ile ile ya kuezeka, huko kwa Mangi kulikuwa na baraza la makadirio. Yaani walikuwa wanakaa kupanga sehemu ya kodi yetu iliyobaki kwa Mangi itumike wapi mwaka unaofuata. Mchili wetu, mkuu wa mtaa, alikuwa amepita kutuambia kwamba kila mtaa unaweza kupeleka wazee wakaseme shida zao. Tulimjibu kwamba sisi tuna kazi, hatuna muda wa kwenda kukaa kwenye mabenchi. Tulijiona watu wa maana sana, wenye udongo mikononi.

Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, alipanda kuja kuitazama nyumba. Aliisifu kweli, akagonga kuta, akauliza nani alichonga milango. Kisha Mzee Mallya akavua kofia, akamuuliza dresa anakuja lini. Bwana Shauri akajibu kwa Kiswahili chake cha polepole.

"Mshahara wa dresa haumo katika makadirio. Hakuna mtu aliyekuja kuuombea."

"Lakini sisi tumechimba, Bwana," alisema Mzee Mallya.

Bwana Shauri hakumwelewa. Alidhani anazungumzia msingi wa nyumba, akasema ndiyo, msingi ni imara. Hakuwa mtu mkali, na hilo ndilo lililonichosha. Alituahidi kuliangalia mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata wazee wetu walikwenda, wakasema, wakasikilizwa, lakini bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na kodi ilikuja kwa shida. Ilibidi wapunguze, na walipopunguza waliona afadhali kuacha lile ambalo halijaanza kuliko kumfukuza tarishi mwenye watoto. Hata mimi, ningekuwa nimekaa pale, sijui ningefanya nini.

Masika iliyofuata Agnesi alishikwa na uchungu. Tulimweka kwenye machela tukaanza kuteremka, mvua ikatupiga mpaka hatuoni njia. Tulipofika penye zahanati alituomba tumwingize humo. Tulimlaza sakafuni, chini ya rafu tulizozitengeneza kwa ajili ya dawa. Aliangalia juu, akasema, "Hapa ni pakavu, lakini hapana mtu." Mama yake, aliyekuwa amefuatana nasi, alifanya yote anayoyajua mwanamke aliyezaa na kuzalisha, na hayakutosha. Tulimzika yeye na mtoto pamoja, kihambani.

Baada ya maziko nilikuwa namlaani Bwana Shauri, na Mangi, na wazungu wote. Mama mkwe aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akaniambia, "Baba, mawe mlibeba wote. Siku ya kugawa fedha, nani wenu alikuwepo?" Hakusema tena jambo hilo hadi alipokufa.

Na nyumba ile haikukaa tupu. Mwaka uliofuata walimweka humo karani wa kodi, kwa kuwa mshahara wake ulikuwa umepangwa. Nililipa kodi yangu mle ndani, mwanangu, mwaka baada ya mwaka, meza yake ikiwa pale pale nilipomlaza Agnesi. Alikuwa kijana mwenye adabu. Kila mara aliniamkia shikamoo baba, nami nikaitikia marahaba.

Sasa umekuja kuniambia mnataka kuanza kujenga zahanati tena, na unataka nifurahi. Siwezi kufurahi, unisamehe. Nasikia mnahesabu matofali, sisikii mtu anayetaja mshahara. Kabla hujainua jiwe, nenda ukakae pale fedha zinapogawanywa, hata kama benchi ni gumu na maneno ni marefu. Uliza atakayekaa ndani ya nyumba atalipwa na nani, mwaka huu na mwaka wa njaa. Wakikwambia subiri, rudi kesho yake. Huenda wasikupe, sisi tulipokwenda hawakutupa, na sikufichi kwamba naogopa nanyi itakuwa hivyo. Lakini nenda.

Nakubariki kwa mkono huu uliopigilia misumari. Mungu akupe nguvu na maneno, aulinde uzazi wa nyumba yako, na siku mkeo atakapofikishwa mlangoni, akute mtu ndani.