Kifusi Kinahitajika Hapa

Kibao nilikiandika mwenyewe, kwa brashi na rangi iliyobaki ya mlango, nikakipigilia kwenye mti wa mchu, mmoja wa mikoko, uliokuwa umesalia mbele ya nyumba: KIFUSI KINAHITAJIKA HAPA. Chini namba ya simu. Mtu wa Dar akiona kibao cha namna hiyo haulizi. Anajua hapo ni bondeni na mwenye kiwanja anataka kuinua ardhi yake. Dereva wa tipa aliyetoka kubeba nyumba iliyobomolewa Sinza anapiga honi mara moja, anamwaga, anaondoka. Wakati mwingine ndani ya kifusi tulikuwa tunakuta vigae, mlango, hata sinki zima la choo.

Naanza na mimi, mtu asije akasema huyu mama anawasema wenzake tu.

Pale tulipojenga palikuwa mikoko. Mikoko ni msitu wa serikali pwani yote ya nchi hii, hata ukiota uani kwako si wako, na hilo sie tulikuwa tunalijua. Ila ukimtajia mtu hifadhi anafikiria tembo na simba, au msitu wa Pugu wanakopeleka wageni kutembea. Huku kwetu Temeke hifadhi ilikuwa matope meusi yananuka yai viza, kaa wanakimbizana, na mizizi ya mchu imechomoza chini imesimama kama vidole. Nani atayaheshimu matope?

Marehemu mume wangu alitokea Lindi, na kazi yake alikuwaga mkata boriti. Ndiye aliyenifundisha kutofautisha mkoko na mkandaa. Alikata, halafu akapewa kiwanja pale pale alipokata. Aliyempa ni mwenyekiti wa mtaa wa wakati ule. Alipanda juu ya kisiki akatutangazia, "Hapa si msitu tena, si mnaona wenyewe? Msitu uko kule." Mwaka uliofuata akagawa na kule, kwa maneno yale yale. Huyo wa kwanza wa kulaumiwa baada yetu. Wa pili ni bwana misitu, aliyekuwa anakuja na pikipiki kutukagua. Alikula pweza kwa jirani, akatuambia tusikate tena, akaondoka na boriti mbili za banda lake.

Wa tatu ni bwana wa ghorofa. Sie wa bondeni tuna mashindano yetu ya kijinga: mmoja akijaza kifusi, kiwanja cha jirani kinageuka shimo, basi na jirani naye anajaza zaidi. Kila mtu anamsukumia mwenzake maji, halafu asubuhi tunasalimiana vizuri tu. Huyu bwana alikuja na matipa yasiyohesabika, akapanda juu yetu kwa kimo cha mtu mzima, kisha akazungusha ukuta. Mume wangu akamfuata.

"Bosi, ukuta hauna matundu. Maji yatapita wapi?"

"Yapite kwako," akamjibu. "Wewe si una kibao? Ongeza kifusi."

Wakacheka wote wawili. Mume wangu naye alicheka, na kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Masika iliyofuata ilinyesha siku tatu mfululizo, na ya tatu ikaangukia bamvua, bahari imejaa mpaka darajani. Zamani maji ya namna hiyo yalikuwa yanaingia mikokoni yanatulia, jioni yanarudi yalikotoka. Safari hii yalikuta kifusi. Yakazuiliwa na ule ukuta, yakajaa upande wetu, na sie tumo ndani kama kwenye beseni. Saa nne asubuhi mie nimepanda juu ya meza, mume wangu yuko jikoni anaokoa gunia la mchele, ule ukuta wa ghorofa, umesukumwa na kifusi kilicholowa, ukatuangukia kwa mkupuo. Mimi walinitoa na mguu ambao sasa una chuma ndani. Yeye walimtoa saa tisa alasiri, walipomaliza kuondoa matofali. Kwenye matanga watu wakaniambia ni kazi ya Mungu. Kazi ya Mungu ilikuwa kuiotesha ile mikoko. Kuikata tuliikata sisi.

Vikabaki vyumba viwili. Watoto sikujaliwa, kwa hiyo vyumba hivyo ndiyo kila kitu nilichonacho.

Mwaka huu wakaja maofisa kupima upya mpaka wa mikoko, wanataka ipandwe tena. Wakatukusanya chini ya turubai. Binti aliyewaongoza akauliza, "Nani anakumbuka msitu ulikuwa unaishia wapi?"

Watu wazima wanaangalia kandambili zao. Kila mtu anajua, ila ukionyesha mpaka wa kweli umeonyesha na nyumba yako. Nilipoanza kuinuka, jirani yangu muuza vitumbua akanivuta kanga.

"Shoga, kaa chini. Utalala wapi?"

"Kwani sasa hivi nalala? Mvua ikipiga nakesha nimekaa."

Nikaomba jembe, nikawapeleka hadi getini kwa ghorofa, chini kwenye mteremko ambako kifusi ni chembamba. Nikamwambia kijana wao achimbe. Kina cha mkono tu, kifusi kikaisha, yakatokea matope meusi na mizizi ya mchu bado imesimama humo humo ilimozikwa.

"Huyu kachanganyikiwa tangu afiwe!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Wivu wa ghorofa huo!"

Mwenye ghorofa akachungulia kutoka juu. "Mama, mbona huchimbi kwako?"

"Nakuja huko, baba, usiwe na haraka."

Nikachimbisha barazani kwangu mbele ya wote. Mizizi ikatokea vile vile.

Binti akanyoosha fomu nisaini. Nikaisoma. Kiwanja kilichoandikwa kimoja tu, changu.

"Na ghorofa?"

"Lile lina hati, mama. Tutalishughulikia ofisini."

"Basi na hiki kishughulikieni ofisini. Sisaini. Andika getini kwa ghorofa mizizi ipo. Andika mwenyekiti aliyegawa msitu. Andika bwana misitu na boriti zake mbili. Andika mume wangu alikata, na mimi nikajaza."

Mwenyekiti wa sasa akaingilia. "Mama, haya mambo ya kuharibiana si mazuri."

"Mzee, ukuta ulipomfunika mume wangu tulikuwa tunajengana?"

Binti akajikuna kichwa kwa kalamu, kisha akageuza fomu, akaandika nyuma yake yote niliyomtajia. Nikasoma polepole, herufi kwa herufi. Darasa langu la nne likanitosha. Nikasaini, nikadai nakala.

Alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, ilipigwa ukutani kwangu wiki iliyofuata. Ghorofa halina alama. Wamelipaka rangi upya, nyeupe. Kwa hiyo kila Jumatatu najikongoja hadi ofisini kwao na nakala yangu, nauliza ghorofa lini. Mlinzi wa getini ameshanizoea. "Bi mkubwa, leo tena?" Leo tena. Siku wakipiga X ya pili, nyumba yangu nitaibomoa mwenyewe, bati kwa bati, waje wapande mikoko yao. Kabla ya hapo, atakayegusa tofali langu atanikuta nimekaa ndani.